Re: Tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule

Dada, umeuliza kama tumbo linalomsumbua mwanao wa miaka 9 kila asubuhi ya shule linahusiana na kauli yake kwamba yeye si mvulana. Huenda. Wasiwasi wa watoto mara nyingi hutangulia mwilini: tumbo, kichwa, kukosa usingizi. Lakini daktari alipime kwanza tumbo lenyewe, maana nalo huugua kivyake.

Kisha angalia siku. Huzidi siku ya michezo, wanapobadilisha nguo mbele ya wenzao? Hubana mkojo mpaka arudi nyumbani? Hapo utaona hofu imejificha wapi, na pengine ni kutaniwa tu, jambo ambalo mwalimu anaweza kulikomesha.

ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, imeliondoa suala hili la jinsia kwenye magonjwa ya akili. Wasiwasi ndio unaotibiwa, kwa mazungumzo na mtaalamu wa watoto.

Usimhoji kama polisi. Mimi ningeongea naye tukikunja nguo, macho yakiwa kwenye kazi, nimwache amalize sentensi zake. Akitaja kufa au akijiumiza, usingoje miadi. Mpeleke siku hiyohiyo.