Uliza Tukujibu: Reale, Senti na Sarafu za Kale

Shikamoo Mhariri. Marehemu bibi ametuachia reale ya fedha ya 1780 yenye sura ya mwanamke. Sonara mmoja anasema ni bandia kwa kuwa inang'aa mno kwa umri wake. Nitajuaje? – Msomaji, Langoni, Lamu

Marahaba. Kung'aa si ushahidi. Mwanamke huyo, malkia Maria Theresa wa Austria, alifariki mwaka huohuo wa 1780, lakini reale yake iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile: Vienna, na katika karne ya 20 Roma, London na Bombay pia. Yako yaweza kuwa ya miaka ya 1930 na bado ikawa reale halali. La kuuliza ni kama ni fedha.

Pima kwanza. Reale nzima ina gramu 28.07 na upana wa milimita 40 hivi. Sehemu 833 kati ya 1000 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Kisha azima mizani ya sonara inayosoma gramu hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Weka juu yake kikombe cha maji, irudishe kwenye sifuri, funga reale kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma kama 2.75. Gawa uzito wa reale kwa namba hiyo: fedha ya aina hii hutoa 10.2 hivi. Ukipata 8.8, una shaba au nikeli iliyopakwa fedha. Iliyochakaa hupungua uzito, lakini jibu la kugawa halibadiliki, na ndiyo sababu twaipenda njia hii kuliko sumaku, ambayo haivuti shaba wala fedha. Itikise ikiwa ndani ya maji: viputo vya hewa vikiganda juu yake, ya kweli itaonekana bandia.

Halafu soma ukingo. Pawe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yakisomeka vizuri. Mshono unaozunguka ukingo, au vitundu kama vya uji uliochemka, maana yake ni bandia iliyomiminwa kwenye kalibu, si kupigwa chapa. Juu ya kichwa tafuta alama ya lehemu, kwani reale nyingi ziligeuzwa vidani. Lehemu hushusha bei kuliko mikwaruzo ya kawaida.

Nina shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924 iliyomegeka kama mwezi mchanga. Ni kosa la kiwanda? – Msomaji, Malindi mjini

Mizani haikusaidii hapa, maana shilingi yako imepungua kwa vyovyote vile. Tazama ukingo ulio mkabala kabisa na pengo. Sarafu iliyomegeka kabla ya kupigwa chapa haibanwi sawasawa, hivyo ukingo wa upande wa pili hutoka dhaifu, pengine hauonekani kabisa. Herufi za karibu na pengo nazo hufifia na kuvutika. Ukingo wa mkabala ukiwa mzima, na herufi zimekatwa wima kama kwa kisu, hiyo ni kazi ya tupa.

Senti 10 zangu za 1936 zenye jina la Edward VIII zimeota unga wa kijani. Nizisugue kwa ndimu na jivu? – Msomaji, Shela

Hasha. Ndimu hula shaba, jivu huikwaruza, na mnunuzi huona mara moja. Unga wa kijani kibichi unaopukutika hutokana na chumvi ya hewa ya bahari, nao huendelea kula ndani. Loweka senti kwenye maji yaliyokenekwa (yale ya kuongeza kwenye betri, si asidi), badilisha kila siku kwa wiki kadhaa, kausha vizuri, kisha hifadhi kwenye chupa yenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Bei usiitarajie kubwa: mfalme alijiuzulu, lakini senti zake zilitoka kwa wingi.

Shambani nimeokota sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba. Mshono wa kalibu unaonekana. Ni bandia, sivyo? – Msomaji, Mambrui

Sivyo. Kanuni tuliyotoa kwa reale hapa inageuka: sarafu za Kichina za zamani zilimiminwa, kwa hiyo mshono hauzihukumu. Moja ya enzi ya Yongle, mfalme wa Uchina (1403 hadi 1424), ilipatikana hapo Mambrui mwaka 2010, nyingine kisiwani Manda mwaka 2013. Sarafu ya enzi hiyo ina herufi nne upande mmoja, na nyuma kwa kawaida ni tupu. Usiioshe, usichimbe zaidi. Piga picha mahali ilipokuwa, pima kina, na uwapelekee habari watu wa Makumbusho ya Taifa pale Malindi. Kisheria, kitu cha kabla ya 1895 huhesabika kuwa cha kale, na hakivuki mpaka bila kibali. Udongo uliogandama juu yake uache hapohapo, wataalamu watautaka.