Yohana 1:1: "Neno alikuwa Mungu" au "mungu"?

SWALI: Mgeni aliyepita nyumbani na Biblia yake alinionyesha Yohana 1:1 ikisema "Neno alikuwa mungu", kwa m ndogo. Anadai Kigiriki hakina "ho" (kibainishi, kama "the" ya Kiingereza) mbele ya theos, "Mungu", kwa hiyo Yesu ni mungu wa daraja la chini. Hoja hiyo inasimama?

JIBU: Kuhusu "ho" kasema kweli. Tatizo ni hilo "kwa hiyo".

Sentensi ni kai theos ēn ho logos. Neno kwa neno, "na Mungu alikuwa Neno". Kiswahili hutambua kiima hasa kwa nafasi yake, ila hapa ho ndiyo inayoonyesha kwamba kiima ni logos. Theos inaeleza kiima hicho, nayo imetangulia kitenzi. Mwaka 1933 mtaalamu wa Agano Jipya E. C. Colwell alionyesha kwamba humo nomino bainifu (inayotaja mtu au kitu mahususi) ikikaa hapo, mara nyingi huacha ho. Tazama Nathanaeli katika 1:49: su ei ho huios tou theou, su basileus ei tou Israēl, "wewe ni Mwana wa Mungu, wewe ni mfalme wa Israeli". "Mwana" kafuata kitenzi, ana ho. "Mfalme" katangulia, hana. Hakuna anayetafsiri "wewe ni mfalme fulani wa Israeli".

Hapa ndipo watetezi wetu wengi huteleza: wanaigeuza kanuni, eti kila nomino ya namna hiyo lazima iwe bainifu. Colwell hakusema hivyo. Mwanamke Msamaria katika 4:19 anasema prophētēs ei su, muundo uleule, na maana ni "u nabii" tu. Basi sarufi peke yake haiamui. Muktadha ndio unaoamua.

Na muktadha uko wazi. Kipande kilichotangulia kinasema Neno alikuwako pros ton theon, "kwa Mungu", na hiyo ton ni ho ileile katika umbo jingine. Yohana angeandika ho theos tena, Neno na Yule aliyekuwa naye wangeonekana nafsi moja, kosa la mwalimu Sabelio wa karne ya 3. Kwa kuiacha, anataja asili: vile Mungu alivyo, ndivyo Neno alivyokuwa. Mstari wa 3 unaongeza kwamba pasipo yeye hakikufanyika chochote kilichofanyika. Mungu mdogo aliyeumbwa haingii hapo, maana naye angekuwa kimojawapo cha vilivyofanyika.

Herufi ndogo isikusumbue. Nakala za kale kama Papiri 66 na 75 hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, na theos hufupishwa kwa herufi mbili, ΘΣ, zenye mstari juu. M ndogo ni uamuzi wa mtafsiri. M kubwa pia.

Usitumie vilevile "alikuwa" ya Biblia ya Union kama ushahidi. Kisarufi tungesema "Neno lilikuwa". Watafsiri walichagua a- ya mtu, nayo inalingana na mstari wa 14, Neno anapofanyika mwili. Ni uamuzi mzuri, ila Kigiriki hakikuwalazimisha, kwani kitenzi ēn ("alikuwa") hakina nafasi ya ngeli.

Mgeni akirudi, mfungulie 20:28, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Hapo ho ipo, lakini usijivunie: Kigiriki huiweka kwa kawaida katika mwito wa namna hiyo. Uzito uko kwenye eipen autō, "akamwambia". Tomaso hapigi ukelele wa mshangao hewani. Anamwambia Yesu, naye Yesu katika mstari wa 29 hamkemei.