Muulize Mjomba Baharia: Mbona meli za kitalii zimekuwa na sura mbaya hivi?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu meli za kitalii, nikasema nyingi siku hizi hazipendezi kwa macho. Sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Nimechagua nne, na zilizobaki nimezisoma zote.

"Hii si meli, ni flati imefungwa injini"

*Shikamoo mjomba. Mimi niko Likoni, navuka feri kila siku kwenda kazini. Juzi kati ilikuja meli ya watalii pale Kilindini, imeziba mji wote, tukasimama kwa feri tunaiangalia, mwenzangu akasema hii si meli hii, ni flati imefungwa injini. Halafu jioni nikaona kwa simu picha ya meli ya Icon of the Seas nikachoka kabisa, marangi, mabomba ya kuteleza, kama vitu vya kuchezea watoto vimemwagwa juu ya sinia. Babu alikuwa na picha ya meli ya zamani ukutani, ilikuwa nzuri mpaka leo naikumbuka. Hawa wanaochora siku hizi wana nini?*

Marahaba mwanangu. Mwenzako wa kwenye feri ameona vizuri, maana ukizichunguza hizi meli kwa kweli zinajengwa kama flati na hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Ile meli ya babu kwenye picha nafikiri ilikuwa ya kuvusha watu bahari kuu, na kazi yake ilikuwa kuwahi. Ya kuwahi lazima iwe na omo, yaani sehemu ya mbele, ndefu na kali ya kupasua mawimbi, vyumba virudi nyuma visipigwe na maji, na ubavuni uone ule mstari unaopanda kidogo omoni na kule nyuma tezini, ule ule unaouona kwenye jahazi. Hakuna aliyeuweka mstari ule kwa ajili ya picha, bahari ndiyo iliyoulazimisha. Sasa meli ya kitalii haina haraka. Inatembea usiku polepole, asubuhi iko bandari nyingine, na mawimbi makubwa inayakwepa. Bahari ikiacha kulazimisha, kinacholazimisha ni hesabu ya vyumba.

Na hesabu hiyo imekaa kwenye balkoni. Mwaka 1984 ilitoka meli ya Royal Princess ambayo vyumba vyake vyote vya abiria vilitazama nje na vingi vilikuwa na balkoni, watu wakapenda, wakawa tayari kulipa zaidi, basi kila kampuni ikataka balkoni na ikataka nyingi. Ukitaka balkoni nyingi unahitaji ukuta ulionyooka, mrefu na wa juu, mkunjo wowote unakula vyumba. Isitoshe kabini zenyewe siku hizi zinatengenezwa kiwandani zikiwa kamili na choo chake na taa zake, halafu zinasukumwa ndani ya meli moja moja kama droo za kabati. Droo haziendi kwenye kabati lililopinda.

Hiyo Icon ilianza safari Miami Januari 2024, imejengwa Turku kule Finland, urefu karibu mita 365, deki 20, ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Zile tani 248,663 wanazozitangaza wala si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyozibwa ndani, kwa hiyo ukisikia meli ina tani nyingi jua ni boksi kubwa. Juu wameweka bomba sita za kuteleza. Watoto wanafurahi sana na siwanyimi furaha yao, lakini kutoka ufukweni macho hayapati pa kutulia, kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja.

Usiniambie lakini kwamba meli kubwa lazima iwe mbaya, hapo nakataa kabisa. Queen Mary 2 ya 2004, aliyoichora Stephen Payne, ina mita 345 na balkoni kibao, na bado ukiiona unajua hii ni meli. Balkoni nyingine kazitoboa ndani ya chuma cha ubavu kama madirisha, omo kaiacha ndefu. Bomba la moshi ndilo fupi kuliko lilivyostahili, sababu lazima lipite chini ya daraja la Verrazzano likiingia New York, na hata hivyo limekaa sawa. Inawezekana basi. Inagharimu vyumba, na wenye pesa hawataki kupoteza vyumba.

Kuna kampuni nyingine suluhisho lao ni kupaka rangi. Meli za AIDA za Wajerumani zina midomo myekundu omoni na macho marefu ubavuni, ilianza 1996 na mchoraji ni Feliks Büttner. Wengi wanazicheka. Mimi nazipenda, na najua kwa nini nazipenda, nenda Lamu uangalie majahazi na mashua, omoni zina macho pia, chombo kinatakiwa kione kinakokwenda. Midomo sawa, labda wangepunguza, lakini yale macho yanakumbuka kwamba chombo kina uso.

"Mazulia yananiumiza kichwa"

*Mjomba habari za masiku. Mimi ni stiwadi wa kabini, natokea Kilifi, niko kontrakti ya pili, meli siitaji jina. Kazi siilalamikii. Ila mazulia! Korido ndefu hujaona mwisho wake, zulia lina maduara ya zambarau na machungwa na mistari ya dhahabu, nikisukuma mashine ya kufyonza vumbi saa tatu mfululizo macho yanazunguka. Ukifika kwa lobi ni vioo na shaba na taa za waridi. Nani aliamua haya, na kwa nini hakuna mtu alimkataza?*

Kwanza pole sana na hongera kwa kontrakti ya pili, hiyo kazi naijua, nilianzia jikoni mwenyewe.

Zulia kwanza. Michoro ile yenye fujo iko pale kwa sababu zulia jeupe lingeonyesha kila kahawa iliyomwagika na kila kiatu chenye chumvi. Wewe unayelifagia unalijua hilo kuliko mimi. Kuna meli nyingine wameweka samaki kwenye zulia, wote wanaogelea kuelekea omoni, ukipotea unafuata samaki. Hiyo ni dizaini nzuri kabisa, imependeza na inamsaidia mtu, nami sijui kwa nini kila meli haina samaki.

Ukiuliza nani, basi jina moja lazima ulijue, Joe Farcus. Mmarekani, alitoka kwenye ofisi ya Morris Lapidus, yule aliyechora hoteli ya Fontainebleau pale Miami Beach, halafu akachora sehemu za ndani za meli za kampuni ya Carnival kwa miaka zaidi ya thelathini. Hata lile bomba la moshi la Carnival lenye mabawa mawili kama mkia wa nyangumi ni lake, lilianza na Tropicale 1982. Fantasy ya 1990 aliijaza taa za neoni lobi nzima. Conquest ya 2002 akaichora kwa kufuata wachoraji wa Kifaransa kina Monet, Glory ya 2003 kila ukumbi na rangi yake. Aliamini kwamba mtu anayelipa likizo mara moja kwa mwaka akiingia melini ajue kwamba hayuko nyumbani tena wala hayuko ofisini.

Nimezipita lobi za namna hiyo na nakubali zinachosha macho. Lakini nasema wazi, kilichokuja baada yake kinanisikitisha zaidi. Carnival Destiny ilikuwa meli ya kwanza ya abiria kuzidi tani 100,000, mwaka 1996, 2013 wakaifumua ikawa Carnival Sunshine, rangi zote kali zikaondoka, na meli nyingi zimefuata njia hiyo, kijivu, krimu, kahawia ya maziwa, viti kama vya ukumbi wa kusubiria ndege. Fantasy yenyewe ilipelekwa Aliağa Uturuki 2020 ikakatwa vyuma. Wa neoni alikosea kwa moyo wote, ulikuwa unaona kuna mtu nyuma ya kila taa. Krimu haijakosea chochote kwa sababu haijathubutu chochote, na mtu kutoka Kilifi akiingia mle hawezi kusema yuko baharini, yuko hotelini popote duniani.

Utaniuliza basi mbao zimeenda wapi, kwa nini wasiweke mti kama zamani. Sheria za kimataifa za usalama baharini zinabana sana vitu vinavyoshika moto, na Oktoba 2010 meli kongwe zilizokuwa na mbao nyingi ndani zilitakiwa zivitoe au zistaafu. Kwa hiyo ule "mti" unaoupangusa kila asubuhi karibu wote ni karatasi ya plastiki juu ya chuma. Hilo siwezi kulipinga, moto baharini ni kitu kibaya, Normandie ya Wafaransa, iliyosifiwa kuliko meli yoyote kwa uzuri wa ndani, iliungua New York Februari 1942 ikalala ubavu. Na ajabu ya Normandie ni kwamba ule ukumbi wake mashuhuri wa chakula haukuwa na madirisha, walitegemea taa za vioo vya Lalique, fundi mashuhuri wa vioo wa Ufaransa, tu. Huwa nausema hata pale unaponivunjia hoja yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa madirisha. Ule walifungia bahari nje na bado ulikuwa mzuri, maana kila kioo kilichorwa na fundi aliyejali. Macho yako yanaumia pale kwa sababu hakuna aliyefikiria mtu wa kutembea korido ile saa tatu.

"Nilimuonea aibu mamangu"

*Mjomba asalaam aleikum. Niko Birmingham Uingereza miaka kumi na sita. Nilijikusanya nikampeleka mama mzazi na binti yangu wa miaka 14 safari ya meli, kabini moja watu watatu. Tunaingia, sinki iko chumbani karibu na kitanda, choo upande huu wa mlango, bafu upande ule, milango ya kioo cha ukungu, ukiwasha taa kivuli chote kinaonekana. Mama siku nzima ya kwanza hakutaka kutumia choo sisi tukiwemo, tunatoka koridoni tunasimama. Nililia. Ni nani anachora kitu kama hiki?*

Waaleikum salaam dada. Hapa nimekasirika pamoja na wewe. Meli uliyopanda hukuitaja na hatuna haja. Mpango wa namna hiyo unajulikana sana tokea Norwegian Epic ya 2010, kuta za kabini zikapindwa kama wimbi, sinki ikaachwa chumbani, choo na bafu vikatenganishwa. Wazo kwenye karatasi ni kwamba watu wawili wanaweza kujiandaa kwa wakati mmoja bila kupigana foleni. Kwa karatasi inaeleweka. Lakini aliyechora aliwaza mume na mke wawili, hakuwaza bibi, mama na mjukuu, hakuwaza kwamba kuna watu stara kwao ni sehemu ya mapumziko.

Ukienda tena, na natamani uende tena na mama, usiangalie picha za kampuni, zinapigwa na lenzi pana kila chumba kinakuwa uwanja. Omba mchoro wa kabini wenye vipimo, uliza kwa maneno haya haya: choo kina ukuta au kioo? Tafuta pia video ambazo abiria wenyewe wamejirekodi wakiingia chumbani. Na mama mwambie kosa halikuwa lake.

"Nataka boti yangu ing'ae kama zile"

*Mjomba mambo. Nina boti yenye sakafu ya kioo Shimoni, napeleka wageni hifadhi ya bahari ya Kisite. Mwaka huu nataka kuipendezesha, nimeona kwa zile meli kubwa taa za bluu chini ya viti, na nyekundu na kijani pembeni, minazi ya plastiki, kroomu kila mahali. Fundi anasema itavuta wageni. Wasemaje?*

Poa kijana wangu. Usifanye, nakuomba.

Taa nyekundu na kijani pembeni ziondoe kabisa kwenye mawazo. Usiku nyekundu ni upande wa kushoto wa chombo na kijani ni kulia, ndivyo mwenzako anavyojua umeelekea wapi, ukitapakaza za mapambo utakuja gongwa. Zile za bluu nazo zikimwaka nahodha usoni haoni giza la mbele. Kroomu kwa chumvi yetu itaanza madoadoa mapema na jua likiipiga wageni watafumba macho. Minazi ya plastiki, mwanangu, wakati kisiwa cha Wasini chenyewe mbele yako kina minazi!

Pesa hiyo iweke hivi. Turubai jeupe juu, joto lipungue. Viti vitazame nje na kioo, visitazamane, mgeni amekuja kuona matumbawe hajaja kuona magoti ya mwenzake. Mbao zipige msasa uone rangi yake, uzitie mafuta. Ukanda mmoja wa rangi ubavuni, mmoja tu, unaofuata mstari wa boti kutoka omo mpaka tezi. Na omoni mwite fundi mzee achonge macho mawili kama ya Lamu, wageni watapiga picha pale kabla hata ya kupanda.

Ukishapaka mkono wa kwanza nitumie picha, na uniambie boti inaitwaje maana hukusema, jina lisije likafunikwa na ukanda.