Vihisi vya tsunami: kwa nini pale na si hapa?

Kwa nini vihisi vya tsunami vipelekwe katikati ya bahari? Si viwekwe tu ufukweni, penye umeme na barabara?

Ufukweni vipo, vile vinavyopima maji kujaa na kupwa. Shida yake ni kwamba kikikuambia wimbi limefika, wewe umeshalowa. Bahari ikiwa na kina cha mita 4,000, tsunami hukimbia kilomita 700 hivi kwa saa, na kimo chake huwa kidogo kiasi kwamba meli hupita juu yake bila habari. Anayeisikia ni kihisi kilicholazwa sakafuni mwa bahari, kinachopima mgandamizo. Maji yakinyanyuka hata sentimita moja, uzito ulio juu yake hubadilika nacho hujua. Siku za kawaida hutoa kipimo cha kila dakika 15. Kikishtuka, huanza kutoa cha kila sekunde 15. Habari hupanda kwa mawimbi ya sauti hadi kwenye boya, na boya huirusha kwa setilaiti.

Basi wakiweke palepale tetemeko linapoanzia, tupate muda zaidi.

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Juu ya ufa wenyewe, yaani mpasuko wa miamba unaozaa tetemeko, sakafu hunyanyuka au kushuka, na kihisi huenda nayo. Mtikisiko nao huyapiga maji, mgandamizo ukapanda na kushuka ovyo, na wimbi la kweli likafichwa humo. Ukisogea mbali unapata kipimo safi lakini unalipa kwa dakika. Kwa maboya, wapangaji hulenga wimbi likifikie kihisi cha kwanza ndani ya nusu saa hivi.

Japani haikuwa na nusu saa ya kugawa. Baada ya msiba wa tetemeko na tsunami wa Machi 11, 2011, ilitandaza kebo za zaidi ya kilomita 5,000 mashariki mwa nchi, zenye vituo 150 vya sakafuni, vingi vikiwa karibu kabisa na ufa. Waliamua kupambana na kelele kuliko kupoteza dakika, na kwa pwani iliyo karibu namna ile naona walikuwa sahihi.

Nikiwa na pesa za vihisi viwili tu, nianzie wapi?

Usianze na rula ukagawanya bahari sawasawa. Anza na ufa umelala vipi. Tsunami ya ufa mrefu haisambai kama viduara vya jiwe lililotupwa kisimani; nguvu yake kubwa hutoka ubavuni mwa ufa. Desemba 26, 2004, ufa uliopasuka kutoka Sumatra kuelekea visiwa vya Andaman ulilala takriban kaskazini–kusini, ukiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Nguvu ikaenda mashariki na magharibi. Watu walikufa hadi Somalia, ng'ambo ya pili ya bahari, ilhali Bangladesh, iliyo karibu zaidi lakini upande wa nchani mwa ufa, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Baada ya hapo kompyuta hubuni mamia ya matetemeko. Kwa kila moja unahesabu wimbi lingefika saa ngapi kwenye kila mahali unapopafikiria, na saa ngapi kwenye makazi ya watu. Wengi huchagua kwa wastani. Mimi ningeangalia tukio baya kuliko yote, kisha nikizime kihisi kimoja kwenye hesabu nione kilichobaki kinaona nini. Vitazimika, hilo usiwe na shaka nalo.

Ramani ikishakubali, kazi imeisha?

Bado kuna bahari yenyewe. Sakafu iwe tambarare, maana penye mteremko mkali udongo huporomoka. Mkondo usiwe mkali, la sivyo boya huvutwa pembeni na sauti ya kihisi isilifikie. Halafu boya huvuta samaki, samaki huvuta wavuvi, na mvuvi akiona kitu kimetia nanga hufunga mashua yake hapo. Tsunami ilipoupiga mji wa Palu, Indonesia, Septemba 28, 2018, hakuna hata boya moja la tsunami la nchi hiyo lililokuwa likifanya kazi. Uharibifu na uhaba wa pesa za matengenezo vilikuwa vimeyamaliza. Ndiyo maana ningekubali kupoteza dakika mbili tatu ili boya likae mahali ambapo meli ya mafundi inafika.

Na tsunami isiyoletwa na tetemeko?

Desemba 22, 2018, ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, kisiwa cha Indonesia, uliporomoka baharini usiku, bila tetemeko kubwa la kuamsha mitambo. Kihisi cha ufa hakikusaidii hapo. Kiweke jirani na mlima, hata kwenye visiwa vinavyouzunguka.