Masharti ya programu: "zote hazina" au "hakuna yenye"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma sayansi ya kompyuta hapa Mbeya, na ninatengeneza programu ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Mbozi. Katika masharti ya klasi ya akaunti (kiolezo cha programu kinachoeleza data za kila akaunti na operesheni zake) nimeandika: "Akaunti zote huwa hazina deni linalozidi kikomo cha mkopo." Msimamizi wangu ameikataa sentensi hiyo akisema haithibitishiki. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako ni sanifu kisarufi, na katika mkutano wa wanachama ingeeleweka bila taabu. Lakini sharti la programu hugeuzwa kuwa fomula, ambayo chombo cha uthibitishaji hulinganisha na kila njia ambayo programu inaweza kupita, na fomula haiwezi kumuuliza mwandishi alikusudia nini.

Tatizo la kwanza ni "zote" inapokutana na ukanushi. Wasomaji wengi wataelewa kwamba hakuna hata akaunti moja iliyovuka kikomo. Wapo, hata hivyo, watakaoelewa kwamba si zote zilizovuka, yaani huenda baadhi zimevuka. Maana ya kwanza hubatilishwa na akaunti moja tu, ilhali ya pili hubaki kweli hata kama ni akaunti moja tu iliyosalimika. Andika basi: "Hakuna akaunti ambayo deni lake linazidi kikomo." Neno "zote" limewasumbua hata mabingwa. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakijaribu kuuthibitisha kwa chombo cha uthibitishaji kiitwacho KeY utaratibu wa TimSort, unaopanga data katika maktaba ya Java, waligundua kwamba kanuni iliyodhaniwa kushika kwa vipande vyote vilivyosubiri kuunganishwa ilikuwa ikikaguliwa kwa vichache vya mwisho tu, na wakaweza kuunda data iliyoisimamisha programu kwa hitilafu. Utaratibu huo ulikuwa umetumika kwa miaka kadhaa na kupita majaribio mengi.

Tatizo la pili ni "huwa". Kiambishi hu- ni cha mazoea: tukisema kwamba Tukuyu mvua hunyesha mwezi Aprili, hakuna atakayetuita waongo siku moja ikipita kavu. Kanuni ya kudumu ya klasi, yaani sharti ambalo kila kitu cha klasi hiyo (hapa, kila akaunti) lazima kilitimize, haivumilii siku hiyo moja. Wala kuweka "wakati wote" mahali pake hakutoshi, kwa sababu operesheni inapokuwa katikati ya kubadilisha data za kitu, kanuni inaruhusiwa kuvunjika kwa muda, alimradi irejeshwe kabla operesheni haijamalizika. Kinachodaiwa ni mipakani tu, na hapo -po- yetu inafaa sana: "Kila operesheni ya hadharani inapoanza na inapomalizika, deni lisizidi kikomo." (Ya hadharani ni ile inayoweza kuitwa kutoka nje ya klasi.) Nimechagua "lisizidi", ambalo hudai, badala ya "halizidi", ambalo husimulia.

Kwa operesheni moja moja, tumia -ki- na -sipo- kwa wajibu wa anayeiita (sharti la kabla), kisha umbo la kudai kwa wajibu wa operesheni yenyewe (ahadi ya baada): "Malipo yakizidi sifuri na yasipozidi deni, deni lipungue kwa kiasi cha malipo hayo." Mgawanyo huo wa kabla na baada ndio aliouwekea mantiki mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1969, na Bertrand Meyer akaujenga ndani ya lugha ya programu ya Eiffel katika miaka ya 1980 kwa jina la mkataba. Uwe mwangalifu na "kwa" hiyo, maana deni likipungua kwa 50,000 si sawa na likipungua hadi 50,000.

Neno jingine la kulitilia shaka ni "isipokuwa", hasa ukiunda klasi ya mkopo wa mbolea inayorithi klasi ya akaunti, yaani inayochukua data, operesheni na masharti yake. Wanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov na Jeannette Wing walieleza mwaka 1994 kwamba klasi inayorithi inaweza kulegeza sharti la kabla lakini isilikaze, na inaweza kuikaza ahadi ya baada lakini isiilegeze. Ukiandika kwamba akaunti hupokea malipo yoyote yasiyozidi deni, "isipokuwa mkopo wa mbolea, ambao hupokea malipo ya msimu wa mavuno tu", umelikaza sharti la kabla, na sehemu yoyote ya programu iliyoamini ahadi ya klasi ya akaunti itakwama mwezi wa Januari.