Mnaoanza kozi ya kutegua mabomu ya ardhini, anzeni na tabia ya TNT, kilipuzi kilichomo kwenye mabomu mengi

Wadogo zangu, najua wengi mkifika darasani swali la kwanza ni kipi kina nguvu zaidi. Hilo liacheni kwanza, ulizeni kwa nini majeshi yalichukua kitu hiki yakaacha kile, hapo ndo utaelewa unachokifukua.

Baruti ya zamani inaungua, kwa kasi ndio, ila ni kuungua. Vilipuzi vya kijeshi vinapasuliwa na wimbi linalopita ndani yake, kwenye TNT linaenda kama mita 6,900 kwa sekunde, kwenye RDX, kilipuzi kingine cha kijeshi, linapita 8,000, wakati sauti hewani ni kama 340 tu.

TNT aliitengeneza Mjerumani Julius Wilbrand mwaka 1863 akitafuta rangi ya njano, ikakaa miaka na miaka haihesabiki kama kilipuzi kwa jinsi ilivyo tulivu. Majeshi yakawa yanatumia kilipuzi kingine, asidi ya pikriki, yenye nguvu kuizidi TNT kidogo, ila ikikutana na metali inazaa chumvi zinazoshtuka kirahisi sana. Wajerumani wakahamia TNT 1902. Halafu kwenye vita vya meli vya Jutland 1916, makombora mengi ya Waingereza, yaliyojazwa asidi hiyo, yakapasuka juu ya chuma kabla hayajapenya meli, yale ya Wajerumani yakaingia ndani. Utulivu ukashinda nguvu.

Sasa hapa nisikilizeni jamani. Utulivu huo ni wa TNT, sio wa bomu! Mtu atakwambia TNT inayeyushwa kiwandani kwenye nyuzi 80 na kumiminwa bila shida, na ni kweli kabisa, lakini wewe mbele yako huna TNT, una bomu lenye fyuzi (kiwashio chake) na detoneta (kilipuzi kidogo kinachoanzisha mlipuko), vitu vilivyowekwa humo makusudi kwa sababu vinashtuka haraka, na vimekaa na kutu na maji miaka 30, hali yake haijui mtu. Usiguse, fuata utaratibu wa timu.

Na glavu msidharau, TNT ni sumu, wanawake wa viwanda vya silaha vya Uingereza vita vya kwanza vya dunia waligeuka njano ngozi na wengine walikufa kwa ini.

Kingine, TNT inakaa ardhini miongo na harufu yake inavuja kidogo kidogo, ndo inayofuatwa na panya buku wa APOPO, shirika linalowafunza kunusa mabomu pale Morogoro. Mashine ya kutafuta metali inalia kwa kila msumari, panya anapita tu, na uzito wake haulipui bomu. Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya hivyo Kambodia mpaka akapewa medali ya dhahabu Uingereza 2020. Mkipata nafasi ya kwenda kuwaona wakifunzwa, nendeni.