Unayeanza kutumia tufe la kidijitali: lihoji kila tabaka

Anayefungua tufe la kidijitali, yaani programu kama Google Earth inayoonyesha dunia nzima kwenye skrini, kwa mara ya kwanza hutafuta paa la kwao, kisha huwasha kwa mpigo matabaka yote, yaani data za aina mbalimbali zinazotandazwa juu ya dunia hiyo. Kutafuta paa hakuna ubaya, sote tumepitia hapo. Kuwasha kila kitu ndiko kunakowakatisha watu tamaa: skrini hujaa mistari, rangi na majina hadi dunia yenyewe inapotea. Zima yote. Baki na picha ya setilaiti, halafu washa tabaka moja kwa ajili ya swali moja.

Mimi huwaanzisha watu na matetemeko ya ardhi. USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, hutoa bure faili za matetemeko zenye nukta zilizopakwa rangi kulingana na kina. Pakua za miaka kadhaa, si za wiki moja, ili nukta zitoshe. Nenda pwani ya magharibi ya Amerika Kusini. Kule ufukweni nukta nyingi ni za matetemeko ya juujuu. Sogea mashariki taratibu, vuka milima ya Andes, na utaona rangi zikibadilika kadiri kina kinavyoongezeka. Ukifika Bolivia unakuta tetemeko la mwaka 1994, lenye ukubwa wa 8.2, lililotokea zaidi ya kilomita 600 chini ya ardhi. Hapo ndipo uwashe tabaka la mipaka ya mabamba ya ganda la dunia. Bamba la Nazca linazama chini ya bamba la Amerika Kusini, na zile nukta ni nyayo zake likishuka. Ukiwasha mipaka mapema unakuwa umepewa jibu kabla ya kuuliza, na utamu wote umekwisha. Nimeona watu wakinyamaza kabisa mbele ya skrini rangi zinapobadilika. Kwa ajili ya ukimya ule naipenda kazi hii.

Siku utakapotengeneza tabaka lako mwenyewe, angalia mpangilio wa namba. Tumezoea kutaja latitudo kwanza, lakini faili ya KML, aina ya faili inayobeba nukta na mistari ya tufe, hutaka longitudo kwanza. Lima, mji mkuu wa Peru, ni -77.04 kisha -12.05. Zigeuze, na Lima itatua katikati ya barafu ya Antaktika. Nilishawahi kupoteza mchana mzima nikikagua vipimo vya wenzangu vilivyokuwa sahihi kabisa, kumbe nilikuwa nimebadilisha safu mbili. Siku hizi napakia nukta moja ninayoijua vizuri kabla ya kupakia mia tano.

Jambo ambalo wageni hulichelewa zaidi ni hili: matabaka yaliyokaa pamoja kwenye skrini hayakuzaliwa siku moja. Chukua tabaka la miinuko. Data ya miinuko inayotumika sana ilikusanywa Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipoipima dunia kwa rada kwa siku 11, kuanzia latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Sasa tandaza juu yake picha mpya ya bwawa la Three Gorges nchini China, lililoanza kujazwa maji 2003. Maji yatapanda kwenye miteremko ya bonde kama shuka lililotupwa juu ya kiti. Picha ni ya kweli, na miinuko ilikuwa ya kweli pia, ila kati yao kuna bwawa zima. Kwa hiyo ukiona mto unapanda mlima, usilaumu macho yako, tafuta tarehe.

Moto nao una mtego wake. Kwenye matabaka ya NASA, nukta nyekundu si mwali wa moto uliopigwa picha. Ni kitovu cha pikseli, kimraba kimoja cha picha, ambamo kihisi cha setilaiti kimeona joto lisilo la kawaida, na kwa kihisi kiitwacho VIIRS pikseli hiyo ina upana wa takriban mita 375. Moto wenyewe unaweza kuwa kona yoyote humo. Unaweza hata usiwe moto wa msitu, bali gesi inayochomwa kwenye kisima cha mafuta au lava ya volkano. Penye wingu zito moto unaweza kuwaka bila nukta. Nawasihi wanaoandika taarifa kwa kutumia nukta hizi: fungueni picha ya siku ileile kwanza, mtazame moshi.

Na ukidhani jina lililoandikwa kwenye ramani limekwishathibitishwa, tafuta habari za kisiwa cha Sandy, katika bahari iliyo kati ya Australia na Kaledonia Mpya. Kilikuwa kwenye ramani za kidijitali, Google Earth ikiwemo, kikionekana kama doa jeusi. Novemba 2012 meli ya utafiti ya Australia, Southern Surveyor, ilipita mahali hasa kilipochorwa. Wanasayansi walipima kina na kukuta maji ya zaidi ya mita 1,000. Kisiwa hakikuwepo. Kosa lilikuwa limerithiwa kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia.

Basi kabla hujahifadhi tabaka lolote, fungua sehemu yake ya maelezo uandike nani amelitengeneza, data ni ya lini, na pikseli moja ina mita ngapi. Ni kazi ya dakika mbili, na ni vigumu kuikumbuka baada ya mwezi.